Trela ya kambi katika nyanda za juu za Gusii

Trela ya kambi ni nyumba ndogo ya magurudumu isiyo na injini, inayovutwa na gari, yenye mahali pa kulala na mara nyingi jiko na tangi la maji. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya, chombo hiki bado ni adimu. Wasafiri wengi wanaopenda kambi hufunga hema juu ya paa la gari, au hulala katika nyumba za wageni mijini. Anayeamua kuvuta trela huku hukuta kwamba sifa nyingi anazouziwa, kama vile mitambo ya kupasha joto, matangi makubwa ya maji na tairi za kukanyaga mchanga, zilibuniwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya au jangwa la Australia. Gusii ina matatizo yake: unyevu usiokatika, radi, udongo mwekundu unaoteleza, na uhaba wa mahali pa kusimama.

Asili

Trela ya starehe ya kwanza inayojulikana sana, iliyoitwa The Wanderer, iliundwa Bristol, Uingereza, mwaka 1885 kwa ajili ya daktari na mwandishi William Gordon Stables, ikivutwa na farasi wawili. Afrika Mashariki iliona msafara mkubwa wa vyombo hivyo wakati Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, alipoongoza trela 41 za alumini kutoka Cape Town hadi Cairo, mwaka 1959 na 1960, na kuipita Kenya njiani. Trela za leo za njia mbovu zimekomazwa zaidi Afrika Kusini na Australia, nchi zenye masafa marefu na mvua chache. Asili hiyo inaeleza kwa nini nyingi huzuia vumbi kwa ustadi mkubwa kuliko zinavyozuia maji.

Hali ya hewa

Sehemu kubwa ya Gusii iko kati ya mita 1,500 na 2,200 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo ya ikweta. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700. Nyamira, Keroka na Nyansiongo ziko juu zaidi. Mvua ya mwaka hupita milimita 1,500 katika maeneo mengi, ikizidi kati ya Machi na Mei, kisha tena kuanzia Septemba hadi Novemba, lakini hakuna mwezi unaoweza kuitwa mkavu. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi, na usiku kipimajoto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 katika sehemu za juu. Kwa mtu wa Oslo hiyo ni hali ya kuvaa shati. Aliyelala ndani ya bati lililolowa ataihesabu vingine.

Mchana, hewa ya Ziwa Viktoria huvutwa kupanda miteremko, hupoa na kujenga mawingu mazito, na kwa hiyo ngurumo nyingi huja alasiri. Ukanda wa chai wa Kericho, Nandi na Gusii ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Radi imeua watu na ng'ombe huku mara nyingi, hata shule zimepigwa watoto wakiwa darasani. Msafiri mwenye busara huwa ameshasimamisha trela, amefunga turubai na kuchimba mfereji wa maji kabla ya saa nane mchana.

Ukuta na paa

Radi peke yake ingetosha kuamua aina ya ukuta. Boksi la alumini au chuma huupitisha umeme nje ya mlalaji na kuushusha ardhini, mradi milango imefungwa na hakuna anayegusa kuta. Faibaglasi haifanyi kazi hiyo, na hema la turubai halimkingi mtu hata kidogo. Hata mwenye boksi la chuma hapaswi kusimama chini ya mikaratusi mirefu iliyo peke yake wala kwenye ukingo wa kilima. Bahati mbaya, mahali panapopendeza zaidi kwa macho, kama ukingo wa Manga au kilele cha Kiabonyoru, ndipo pabaya zaidi ngurumo zinapoanza. Heri kupatazama asubuhi na kulala chini.

Mvua ya mawe huacha vishimo kwenye alumini, lakini kwa kawaida haiitoboi. Kinachovunjika ni vifuniko vya plastiki vya matundu ya paa, hasa vilivyokaushwa na jua la ikweta kwa miaka kadhaa. Paneli za sola zenye vyeti vya kimataifa hupimwa kwa kurushiwa mipira ya barafu ya milimita 25, hivyo huhimili mawe mengi ya kawaida. Anayenunua trela kuukuu abonyeze kila kifuniko kwa kidole: kikilia kama karatasi ngumu, kibadilishwe.

Adui mkuu ni maji yanayotoka ndani. Watu wawili waliolala hutoa kwa pumzi na jasho maji yanayoweza kukaribia lita moja kwa usiku mmoja. Hewa ya nje ikiwa imejaa unyevu tayari, mvuke huo hauna pa kwenda; hugusa bati baridi, hugeuka matone, hutiririka nyuma ya kabati na chini ya godoro. Baada ya wiki chache kuvu huota. Ukuta wa bati tupu haufai, uwe imara kiasi gani. Unaofaa ni ule wenye povu gumu la milimita 25 hadi 40 katikati ya tabaka mbili, bila nguzo ya chuma inayounganisha bati la nje na sura ya ndani, kwa sababu kila nguzo ya namna hiyo huwa mstari wa matone alfajiri. Godoro lilale juu ya mbao zilizoachana ili hewa ipite chini yake. Tundu moja liwe karibu na sakafu na jingine darini, yote mawili yakibaki wazi usiku kucha. Wengi huyaziba kwa kuogopa baridi, kisha wakalaumu trela kwamba inavuja.

Karavani kuukuu za Ulaya, hasa za miaka ya 1980 na 1990, mara nyingi zina fremu ya mbao iliyofunikwa bati jembamba la alumini. Maji yakiingia kwenye maungio, mbao huoza bila dalili kwa nje. Kwa nchi yenye mvua kama hii, karavani ya fremu ya mbao isinunuliwe, hata bei ikishuka namna gani.

Joto la ndani

Mtambo wa kupasha joto unaotumia dizeli si wa lazima Gusii. Mingi kati yake hutengenezwa kwa ajili ya nchi za chini, na juu ya mita 1,500 huhitaji kurekebishwa kiasi cha mafuta, la sivyo hujaa masizi. Blanketi mbili nzito na ukuta mzuri hutosha.

Jiko la makaa lisiingizwe ndani ya trela kwa hali yoyote. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi Kenya hupoteza watu waliojifungia chumbani na jiko. Trela ni chumba kidogo kuliko vyote. Gesi ya mtungi nayo itumike mlango ukiwa wazi, na mtungi ukae kwenye sanduku la nje lenye tundu sakafuni, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

Mwinuko na mteremko vina athari mbili nyingine ndogo. Kwa mita 2,000 maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi, kwa hiyo maharagwe huchukua muda na gesi zaidi. Jokofu la gesi linalofanya kazi kwa joto la moto badala ya kompresa hutaka kusimama sawasawa. Likilazwa kwenye mteremko huacha kupoza. Kwa kuwa eneo tambarare huku ni nadra, jokofu la kompresa la betri ndilo la kuchagua.

Mteremko na udongo

Udongo wa Gusii ni mfinyanzi mwekundu wenye asili ya volkano, mzuri kwa chai na ndizi. Ukiwa mkavu hubeba gari bila shida. Nusu saa ya mvua huufanya uteleze kama sabuni, ingawa hauzamishi magurudumu kwa kina kama udongo mweusi wa Transmara, upande wa pili wa Kilgoris. Hatari yake ni ya kando: barabara za murramu zimeinuliwa katikati na kuchimbwa mitaro pembeni, basi mkia wa trela huteleza polepole kutoka mgongoni hadi mtaroni, na gari huufuata.

Sifa tatu hupunguza hatari hiyo. Upana kati ya magurudumu ya trela ulingane na wa gari, ili yafuate nyayo zilezile. Tairi ziwe za kipimo kimoja na za gari, zenye meno makubwa, hivyo spea moja itumike pande zote. Ekseli iwe moja na trela iwe fupi, kwa sababu dereva atalazimika kurudi nyuma kati ya ua na shamba la majani ya ng'ombe, mahali ambapo hakuna nafasi ya kugeuza. Ndoano ya tufe la milimita 50 inatosha kwa lami. Kwenye mashimo na mitaro inahitajika ndoano inayozunguka pande zote, la sivyo shingo ya trela hupinda.

Breki ni suala la kufa na kupona kwenye miteremko mirefu. Ulaya na Afrika Kusini huruhusu trela ya hadi kilo 750 bila breki zake, lakini kwa Gusii kanuni hiyo ni ya ukarimu mno. Breki zinazojikaza trela inaposukuma gari hazihitaji nyaya wala fundi wa umeme, ila hupata moto kwenye mteremko usiokwisha. Za umeme huongozwa na dereva mwenyewe na ni bora, kama kuna mtu wa kuzitengeneza. Zikikosekana zote mbili, dawa ni gia ndogo na uzito mdogo.

Uzito wa kichwa cha trela juu ya ndoano uwe karibu asilimia 10 ya uzito wote. Ukipungua sana, trela huyumba. Ukizidi, huinua pua ya gari. Ndiyo maana Probox, gari ambalo Gusii imelibebesha kila kitu kuanzia abiria hadi ndizi, halifai kazi hii: mengi yake huvutwa na magurudumu ya mbele, na trela inayokandamiza mkia huyapunguzia uzito wakati hasa wa kupanda kwenye tope. Injini ya petroli isiyo na taabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko; kwenye vilima vya Nyamira imebakiwa na manne ya matano. Hilux au Land Cruiser ya dizeli yenye taabo ndiyo kipimo cha kweli.

Katika kuchagua njia, malori ya chai ni mwongozo mzuri. Njia zinazoelekea vituo vya kununulia majani mabichi hushughulikiwa kuliko nyingine, kwani majani yakichelewa kufika kiwandani huharibika. Panapopita lori la chai trela hupita, japo lori huacha mikondo mirefu inayodai tumbo la trela liwe juu.

Mahali pa kusimama

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kilomita moja ya mraba, na karibu kila kipande cha ardhi ni shamba la mtu. Hakuna hifadhi ya taifa katika kaunti hizi mbili. Ya karibu ni Ruma, katika Kaunti ya Homa Bay. Kwa hiyo kambi hupigwa kwenye kiwanja cha shule wakati wa likizo, ua wa kanisa, bustani ya hoteli au boma la mwenyeji, baada ya kuomba ruhusa na kumjulisha chifu msaidizi. Borabu, ambako mashamba ya walowezi yaligawiwa Wagusii baada ya uhuru kwa vipande vikubwa zaidi, ndiko penye nafasi ya trela ndefu kidogo.

Ukaribu huo wa watu una faida. Maji hayako mbali, na lita moja ya maji ni kilo moja ya mzigo, hivyo tangi la lita 40 au 60 linatosha mahali ambapo safari ya Turkana ingedai mara tatu yake. Stima nayo imefika maboma mengi.

Kununua au kuchomelesha

Mafundi wa jua kali wa mjini Kisii, waliozoea trela za matrekta, wanaweza kuunda chesisi imara kwa gharama ndogo kuliko ya kuagiza nje. Springi za majani za Hilux hupatikana popote, na hilo ni muhimu kuliko springi za kisasa ambazo bushi moja ikiisha husubiriwa kutoka Durban. Mteja asimamie mambo mawili: mabomba ya chesisi yatobolewe matundu ya kutolea maji na yapakwe rangi hata ndani, na kila ungio la paa lizibwe kwa gundi ya mpira badala ya kutegemea skrubu pekee. Boksi la juu, lenye povu na milango isiyovuja, ni kazi ngumu zaidi, na huenda ikafaa kulinunua tayari.

Trela nchini Kenya husajiliwa yenyewe, kando na gari linaloivuta, na namba zake huanza na herufi Z. Ya kuchomelesha hukaguliwa kabla ya kupewa namba, hivyo taa, vioo vya kuakisi mwanga na breki vifungwe kabla ya siku ya ukaguzi.