Mbwa Wako Hapiti Geti la Serengeti: Stori ya Simba 1,000 Waliokufa Mwaka 1994

Haya mtu wangu, wikendi ndefu hiyooo inakuja. Mafuta mmeshachangishana, spika imechajiwa, na safari hii mmekubaliana mbwa haachwi kwa jirani. Anapanda gari na nyinyi, anapigwa picha na nyinyi. Tatizo ni pale mnapofika geti la hifadhi ya taifa na askari anatingisha kichwa. Mbwa haingii. Hata kama kaoga, kavaa mkanda mpya, na jina lake ni Simba. Yaani Simba haruhusiwi kwenda kuwaona simba!

Watu wengi wakiambiwa hivyo wanadhani ni roho mbaya tu, au wanadhani ni kuogopa mbwa ataliwa na chui. Hiyo ya chui ni kweli. Lakini kuna stori kubwa zaidi, na imetokea hapahapa kwetu.

Turudi nyuma kidogo. Zamani mbwa na simba walikutanishwa kwa makusudi. Mwaka 1911 tajiri mmoja wa Kimarekani alitua Kenya, enzi hizo ikiitwa Afrika Mashariki ya Waingereza, akiwa na kundi zima la mbwa wa kuwinda aliowatoa kwao. Kazi yao ilikuwa kunusa nyayo za simba, kumfukuza na kumzingira mpaka wenye bunduki wafike na farasi. Alikuja na wapiga picha pia, na mwaka 1912 filamu ya safari hiyo ikaoneshwa Marekani na kujaza watu. Ilikuwa burudani ya mjini. Hakuna aliyeuliza mbwa hao wanatembea na magonjwa gani.

Miaka ikaenda. Hifadhi ya Serengeti ikaanzishwa mwaka 1951, Maasai Mara ikafuata mwaka 1961. Pembeni mwa hifadhi vijiji vikakua, na penye watu na mifugo kuna mbwa. Mbwa wa kulinda boma, mbwa wa kuchunga, mbwa ambaye hana mwenyewe lakini kila mtu anamtupia mfupa. Hadi miaka ya 1990 walikuwa makumi ya maelfu kuzunguka Serengeti, na wengi hawajawahi kuona sindano ya chanjo.

Dalili ya kwanza ilikuja kwa mbwa mwitu, wale wenye mabaka na masikio ya duara. Mwaka 1989 kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mbwa mwitu upande wa Mara. Kufikia 1991, makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti kwenye nyanda za Serengeti yalikuwa hayapo tena. Wataalamu wamebishana miaka mingi kuhusu sababu zote zilizochangia, ila kichaa cha mbwa hakijawahi kutoka kwenye orodha.

Halafu ikaja 1994.

Mwanzoni mwa mwaka huo watalii waliokuwa kwenye puto, wale wanaolipa hela ndefu kuangalia Serengeti kutoka angani alfajiri, waliona kitu ambacho hakikuwa kwenye tangazo la safari. Simba dume yuko chini, anatetemeka mwili mzima, anadondoka, anapigapiga miguu kama mtu mwenye kifafa. Baada ya hapo taarifa zikaanza kumiminika. Simba mwingine uso unachezacheza wenyewe. Mwingine anayumba kama mlevi. Mwingine kakutwa kafa na hana jeraha hata moja.

Madaktari wa mifugo wa hifadhi wakachukua sampuli, zikapelekwa maabara, jibu likarudi: distempa. Kwa wasioijua, distempa ni ugonjwa wa virusi ambao wafugaji wa mbwa wanauogopa kuliko kitu chochote. Mtoto wa mbwa anaanza na makamasi na tongotongo, anakohoa, anaharisha, kisha virusi vinapanda kwenye ubongo na degedege linaanza. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Chanjo ipo, na inafanya kazi vizuri. Binadamu haumwi distempa, kwa hiyo hapo usiogope.

Kwa simba ilikuwa balaa. Serengeti ilikuwa na simba takriban 3,000. Karibu theluthi moja wakafa, yaani kama simba 1,000 ndani ya mwaka mmoja. Ugonjwa ukapanda kaskazini hadi Maasai Mara, ukavuka mpaka bila pasipoti. Fisi, chui na bweha masikio nao wakaumwa.

Swali la kila mtu: virusi vya mbwa vilifikaje kwa mfalme wa mbuga? Vidole vilielekezwa kwenye mbwa wa vijijini, na fisi akaonekana kuwa ndiye daraja. Fisi usiku yuko jalalani kijijini, alfajiri yuko kwenye mzoga na simba. Simba nao wanakula pamoja, wanapumuliana, wanalambana. Mmoja akiumwa, ukoo mzima uko hatarini.

Lakini hapa stori inanoga. Baadaye watafiti waliona kuwa simba walikuwa wameshapitiwa na distempa miaka mingine bila kufa kwa wingi namna hiyo. Kwa nini 1994 ikawa tofauti? Utafiti uliotoka mwaka 2008 ulionesha kuwa kabla ya mlipuko kulikuwa na ukame mkali. Nyati wakadhoofika na kujaa kupe. Simba wakawala nyati hao na kupata vimelea vya damu kutoka kwa kupe kwa kiwango kikubwa. Distempa inashusha kinga ya mwili, na vimelea vikapata nafasi ya kufanya vurugu. Mambo yaleyale yakajirudia kreta ya Ngorongoro mwaka 2001. Kwa hiyo mbwa peke yake hakuua simba 1,000. Virusi, ukame na kupe walikutana siku moja.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu mimi na wewe. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 kampeni za kuchanja mbwa wa vijijini kuzunguka Serengeti zikaanza. Dhidi ya distempa na dhidi ya kichaa cha mbwa pia. Utafiti wa mwaka 2015 ulisema ukweli bila kuficha: distempa iliendelea kuzunguka kwa wanyamapori hata mbwa walipochanjwa, kwa hiyo chanjo ya mbwa peke yake haikutosha kuwalinda simba. Ila upande wa kichaa cha mbwa matokeo yalikuwa makubwa: penye chanjo, watu waliong'atwa na mbwa wenye kichaa walipungua. Kumbuka kichaa cha mbwa kinaua binadamu takriban 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Mwaka 2012 mbwa mwitu waliochukuliwa Loliondo wakaanza kurudishwa Serengeti. Ndiyo hao unaowaona mtandaoni wakipata laiki.

Katazo la kuingia na mbwa hifadhini halikuzaliwa 1994. Lakini 1994 ndiyo inayokuonesha kwa nini askari hawezi kukulegezea hata ukimbembeleza.

Sasa, safari yenyewe unapangaje? Kwanza angalia njia. Barabara ya Arusha kwenda Musoma inakatiza Ngorongoro na Serengeti, kwa hiyo ukiwa na mbwa zunguka kwa Babati, Singida, Nzega na Shinyanga. Ni ndefu, lakini hakuna aibu ya kugeuzwa getini. Ukipita Mikumi, ile barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inapita ndani ya hifadhi kama kilomita 50. Mbwa abaki ndani ya gari, mlango usifunguliwe, na haja yake aimalize kabla. Nairobi kuna unafuu kidogo: Msitu wa Karura unaruhusu mbwa akiwa kwenye kamba. Kwingine kote, piga simu hotelini kabla ya kulipa.

Pili, chanjo isiwe ya jana yake. Chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa inahitaji wiki tatu hadi nne kumpa kinga ya kueleweka, kwa hiyo panga mapema na kadi itembee na wewe. Ukivuka mpaka kati ya Tanzania na Kenya utahitaji pia cheti cha afya cha mnyama na kibali cha kumwingiza, na hivyo havipatikani dirishani mpakani dakika za mwisho. Waulize ofisi ya mifugo wiki kadhaa kabla.

Tatu, na hii ndiyo ya moyoni: mbwa wa kijiji anayekuja kunusa magurudumu yenu mkisimama kununua mahindi ya kuchoma, huyo na wa kwako hawana tofauti mbele ya virusi. Wa kwako ana kadi, yule huenda hana. Ukisikia kampeni ya chanjo mtaani kwenu au kijijini kwa bibi, mbebe na mbwa wa jirani. Bei yake ni kamba moja na nusu saa kwenye foleni.

Haya, wewe na mbwa wako mmeshafika wapi? Na yupi kati yenu aliyegeuzwa getini? Tiririka hapo chini.