Mifarishi ya Gee's Bend na Miraba Yangu

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mimi nimejifunza kwamba hata makosa hujaa vivyo hivyo.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda. Mama yangu ni fundi cherehani mjini Masaka, na tangu utotoni tumeshona pamoja mifarishi ya viraka kutokana na mabaki ya vitenge. Tuliunga kwa macho tu: kipande kikizidi tunakikata, kikipungua tunakiongezea. Likizo iliyopita mteja mmoja aliagiza mifarishi minne yenye miraba iliyo sawasawa. Malipo yake yangetosha karo yangu ya muhula.

Nilikata kipimo cha boksi, nikakata miraba, nikashona. Lakini safu za miraba 10 zilikataa kulingana. Kosa la milimita 3 katika kila mshono, kwa mishono 9, hukaribia sentimita 3. Nilifumua mara tatu. Mara ya nne niliitupa kazi chini nikalia.

"Mwanangu," mama alisema, "kitambaa hakina kosa. Kapumzike. Kesho tutaanza na mshono mmoja."

Wiki hiyo, nikitafuta mada ya insha ya historia, nilisoma habari za Gee's Bend. Kijiji hiki kimo katika kona ya Mto Alabama, kaunti ya Wilcox, kusini mwa Marekani. Wakazi wake wengi ni wazawa wa watumwa waliolima pamba, na wengi hadi leo huitwa Pettway, jina la bwana aliyewamiliki mababu zao. Wanawake walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za shambani ili watoto wao wasipate baridi, kila mmoja akifuata wazo lake.

Watu weusi wa kaunti hiyo walipodai haki ya kupiga kura, waliadhibiwa. Kivuko cha kwenda mjini Camden kilisimamishwa mwaka 1962, na baadhi ya familia zilifukuzwa katika mashamba ziliyokuwa zikilima. Mwaka 1966 wanawake wakaanzisha ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee ili wapate fedha zao wenyewe. Estelle Witherspoon aliuongoza kwa miaka mingi.

Hapo ndipo shida niliyoifahamu ilipowakuta. Maduka makubwa ya New York yalitaka ukubwa uleule, mchoro uleule na mishono midogo iliyolingana. Mabingwa waliokuwa wameshona maisha yao yote wakalazimika kujifunza upya. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliwapa kazi ya kushona foronya za koduroi, kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka. Kazi ilikuwa ya kurudiarudia, lakini ilileta mshahara. Mabaki ya koduroi waliyapeleka nyumbani, wakashonea mifarishi kwa mtindo wao wa zamani. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilitundikwa katika jumba la makumbusho la sanaa mjini Houston, na mwaka 2006 baadhi ilichapishwa kwenye stempu za Marekani.

Wapo wanaoweza kusema kwamba kipimo cha duka huua sanaa. Naona wana haki kwa sehemu, kwa kuwa kilichosifiwa Houston ni ule ushonaji huru. Lakini mama asiye na shamba wala kivuko alihitaji mshahara kwanza. Wanawake wale walijifunza mtindo mpya bila kuusahau wa kwao.

Nilirudi kwenye cherehani. Nilibandika utepe kando ya sindano ili upana wa mshono usibadilike, nikapiga pasi kila mshono kabla ya kuunga mwingine. Mfarishi wa kwanza ulinichukua siku sita. Nilikamilisha mitatu tu kabla ya shule kufunguliwa, nikalipwa mitatu. Sehemu ya karo iliyobaki mama aliikopa.

Miraba iliyoharibika hatukuitupa. Mama aliiunga kwa macho, bila kipimo chochote, ukawa mfarishi wa nne. Huo hatukuuuza. Ndio ninaojifunika usiku huu ninapomaliza insha hii.