Redio ya valvu ya zamani: kagua kapasita hizi kabla ya kuiwasha

Bado zipo sebuleni na stoo kwenye nyumba za zamani za Arusha mjini, Tengeru na Usa River: redio kubwa za boksi la mbao zinazotumia valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani. Wengi wakiirithi kwa babu huichomeka moja kwa moja kwenye umeme waone kama bado inaongea. Hapo ndipo transfoma huungua, na kupata nyingine ya aina hiyo leo ni shughuli.

Mara nyingi chanzo ni kapasita. Nyingi za miaka ya 1950 zilitengenezwa kwa karatasi na foili, zikazibwa kwa nta. Karatasi hufyonza unyevu, na miteremko ya Mlima Meru ina ukungu na mvua za kutosha. Ikizeeka, kapasita huvujisha umeme wa DC ambao ilipaswa kuuzuia.

Dalili mbili za kuangalia

• Mvumo mzito usiopungua hata ukishusha sauti hadi mwisho: kapasita kubwa za kuchuja umeme zimechoka.

• Sauti inakwaruza na valvu inayoendesha spika inachemka kupita kiasi: kapasita inayopeleka sauti kwenye gridi ya valvu hiyo inavuja.

Ya pili ndiyo mbaya zaidi. Volti chanya zikifika kwenye gridi, valvu huvuta umeme mwingi mno, nayo huondoka na transfoma. Kapasita hii ibadilishe kabla hujawasha, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Kupima

Fundi huweka multimita kwenye DC kati ya chasisi na gridi. Kwa valvu ya EL84, gridi ni pini namba 2. Isome sifuri au hasi kidogo. Ikisoma chanya, zima, toa mguu mmoja wa kapasita, upime tena. Chanya ikiondoka, kapasita imekufa. Ikibaki, shida ni valvu.

Kubadilisha

• Iliyoandikwa .01 ni mikrofaradi 0.01. Mpya huwa na namba 103. Chukua ya plastiki ya volti 630.

• Za kuchuja: volti 450, na usigeuze chanya na hasi.

• Usitoe kapasita kubwa ya TV ya chogo ukaiweka hapa. Nyingi zina mikrofaradi 100 au zaidi, wakati valvu ya EZ80 inayonyoosha umeme mwisho wake ni 50.

Kuwasha mara ya kwanza

Unganisha redio mfululizo na balbu ya zamani ya waya, ya wati 60. Balbu ikiwaka sana kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna shoti.

Usalama

Ndani kuna volti 250 au zaidi, na kapasita hubaki na umeme hata ukichomoa waya ukutani. Umalize kwa rezista ya kiloohmu 1 hadi 10, ya wati 5 na kuendelea, kisha hakikisha kwa mita. Redio zisizo na transfoma ya umeme ni hatari zaidi, kwa sababu chasisi yenyewe inaweza kuwa na umeme wa ukutani. Kama hujawahi kushika mita, mpelekee fundi.