Parke ya Lomami: mambo ya kujua kabla ya kubeba hema

Watu wengi wa Kindu wakisikia neno parke, wanafikiria Virunga. Lakini hata hapa kwetu tuko na parke: Parke ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa tarehe 7 Julai 2016. Inashika pori la karibu kilomita za mraba 8.900 kando ya mto Lomami, katika majimbo mawili: Maniema na Tshopo. Inasimamiwa na ICCN.

Ndani kuna nini?
Kuna bonobo, okapi na tembo. Kuna pia lesula, nyani mwenye uso kama wa mtu. Wawindaji wa Opala walimjua tangu zamani na ndio walimpa jina hilo. Watafiti walimwona mara ya kwanza mwaka 2007, akifugwa kijijini, na wakamtangaza kwa dunia mwaka 2012.

Namna ya kwenda
Usiingie kiholela. Kwanza omba ruhusa kwa ICCN, uulize pia habari ya usalama, kwa sababu hali inaweza kubadilika. Hakuna hoteli wala barabara ya gari ndani ya pori: ni miguu na mtumbwi, na usiku ni hema. Juni mpaka Agosti mvua inapungua, njia inakuwa afadhali. Beba chakula chako, chandarua, dawa ya malaria na viatu vya kuvuka matope. Maji ya mto, chemsha kwanza. Tembea pamoja na mlinzi wa parke, na takataka zako rudi nazo.

Yaliyokatazwa
Bunduki, mitego, kukata miti, kununua nyama ya pori. Sheria ya 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile inaadhibu makosa hayo.

Faida ni ya nani?
Hapo ndipo penye shida. Vijana wengi wa vijiji vya pembeni waliishi kwa kupeleka nyama Kindu kwa baiskeli. Wazee walifanya tambiko kuomba mababu wakubali parke. Hawakufanya hivyo ili watoto wao walale njaa. Basi ukienda, salimia chefu wa kijiji kwanza, tafuta mwonyesha njia na wabeba mizigo palepale, na uwalipe vizuri. Kijana anayelipwa kwa kuonyesha njia hana haraka ya kutega kamba.