Mbegu za farasi ni za nani? Kibali na cheti ndivyo vinavyoamua

MTU anaweza kununua dozi ya mbegu za farasi dume mashuhuri, akailipia kikamilifu, akamhimilisha jike wake mwenyewe, na baada ya miezi kumi na mmoja akapata mtoto mwenye afya njema. Bado inawezekana mtoto huyo asiandikwe katika daftari lolote la nasaba, na bei yake sokoni ikawa sehemu ndogo tu ya ile ambayo baba yake angemletea.

Chanzo cha utata huo ni kwamba, katika ufugaji wa farasi wa kisasa, kumiliki mbegu ni jambo moja, na kuwa na haki ya kumwandikisha mtoto ni jambo jingine.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Afrika Mashariki hawalijui sana tatizo hili. Mfugaji hununua mrija wa mbegu, mtaalamu huja na chombo chake cha naitrojeni, na ndama akizaliwa, thamani yake hupimwa kwa maziwa. Farasi wa mbio au wa michezo hukamuliwa jina. Hununuliwa kwa ajili ya wazazi wake, na wazazi hao huthibitishwa kwa karatasi inayotolewa na chama kinachotunza daftari.

Vyama hivyo havina msimamo mmoja. Walio wakali kuliko wote ni watunzaji wa daftari la Thoroughbred, farasi wa mbio za kasi, ambao asili ya kumbukumbu zao ni daftari la Uingereza lililoanza kuchapishwa mwaka 1791. Kwa mujibu wa makubaliano ya kimataifa yanayoongoza mbio hizo, mtoto hutambuliwa tu iwapo dume lilimpanda jike kwa njia ya asili, na jike huyo huyo akabeba mimba na kuzaa. Uhimilishaji, uhamishaji wa kiinitete na uzalishaji wa nakala vyote vimepigwa marufuku. Farasi wa nasaba hiyo wanaoshindana katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi nao ni zao la utaratibu huo.

Nchini Australia, Bruce McHugh, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa klabu ya mbio ya Sydney, alikwenda mahakamani kuipinga marufuku ya uhimilishaji akidai kwamba inabana biashara kinyume cha sheria. Desemba 2012 Mahakama ya Shirikisho iliitupa hoja yake.

Hali ni tofauti katika Chama cha Quarter Horse cha Marekani (AQHA), chenye makao yake Amarillo, Texas, ambacho kilianzishwa mwaka 1940. Hapa uhimilishaji unaruhusiwa, na mbegu husafirishwa zikiwa zimepozwa au zimegandishwa. Hata hivyo, mmiliki wa dume anatakiwa kupata kibali cha kusafirisha mbegu, kupeleka kwa chama orodha ya majike yaliyohudumiwa katika mwaka husika, kisha kutoa cheti cha mzalishaji. Bila saini yake, mtoto haandikishwi hata kama kipimo cha vinasaba kinaonyesha wazi baba ni nani.

Ni katika saini hiyo nguvu ya mwenye dume ilipo. Akiwa hajalipwa ada yake yote, huikalia. Katika jimbo la Kentucky, sheria humpa pia dhamana juu ya mtoto aliyezaliwa kwa huduma ya dume lake. Hivyo mnunuzi wa mtoto anaweza kujikuta akidaiwa deni asilolifahamu.

Uhamishaji wa kiinitete huongeza mtu wa tatu. Siku saba au nane baada ya yai kupevuka, daktari huosha mji wa mimba wa jike mwenye nasaba, hukitoa kiinitete na kukipandikiza kwa jike mwingine, anayekibeba mpaka kuzaa. Mbebaji huyo hachangii vinasaba wala haandikwi kuwa mzazi, lakini mara nyingi ni mali ya kituo kilichomkodisha, na ni lazima arudishwe baada ya mtoto kuachishwa kunyonya. Mkataba usiotaja atakayegharimia matibabu yake, au itakuwaje akifa kabla ya kuzaa, ni ugomvi unaosubiri siku yake.

Zamani AQHA iliruhusu kuandikisha mtoto mmoja tu kwa jike mmoja kwa mwaka, hata kama viinitete vilivyopatikana vilikuwa vitatu. Wafugaji walifungua kesi Texas, na mwaka 2002 kikwazo hicho kikaondoka. Chama kimeweka mpaka mwingine tangu wakati huo: kwa farasi waliozaliwa mwaka 2015 na kuendelea, mbegu zilizogandishwa hazitumiki kuandikisha watoto baada ya miaka miwili kupita tangu mwaka wa kifo cha dume. Mbegu zitabaki salama kwenye naitrojeni kwa miongo kadhaa, ila thamani yake itakuwa imekwisha.

Mvutano mkubwa zaidi umehusu nakala hai. Farasi wa kwanza wa aina hiyo, jike aliyeitwa Prometea, alizaliwa Italia mwaka 2003. Mwaka uliofuata AQHA ilipitisha kanuni ya kutoandikisha nakala wala watoto wao. Mfugaji Jason Abraham na daktari wa mifugo Gregg Veneklasen waliishtaki mwaka 2012 kwa sheria za kuzuia ukiritimba. Jopo la wananchi mjini Amarillo liliwapa ushindi mwaka 2013, bila fidia, lakini Januari 2015 Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo, ikisema pamoja na mambo mengine kwamba chama chenyewe si mshindani katika soko la farasi hao.

Mchezo wa polo haudai cheti cha nasaba, na huko nakala zimestawi. Desemba 2016, katika fainali ya Palermo, Argentina, Adolfo Cambiaso alipanda nakala sita za jike wake Cuartetera na timu yake ikashinda.

Vibali vya afya navyo si urasimu mtupu. Dume linaweza kubeba virusi vya arteritisi kwa muda mrefu bila dalili na kuvitoa kupitia mbegu. Mwaka 2006 ugonjwa huo ulianzia katika shamba moja la New Mexico ukaenea hadi majimbo mengine, sehemu yake kwa mbegu zilizosafirishwa. Anayetaka kuingiza mbegu kutoka nje huanza kwa mamlaka ya mifugo ya nchi yake, kabla ya kumlipa muuzaji.

Jambo moja dogo huwaponyoka wengi. Jike akiuzwa, si lazima viinitete vyake vilivyokwisha kugandishwa vimfuate. Ni vyema mkataba uvitaje kwa idadi na mahali vilipohifadhiwa, na nani atatia saini fomu za kuwaandikisha watoto watakaotokana navyo.