Mpangilio mbaya wa meno
Mpangilio mbaya wa meno ni hali ya meno kubanana, kupishana au kuchomoza, au ya taya la juu na la chini kutokutana sawasawa mtu anapouma. Mwaka 1899 daktari Mmarekani Edward Angle aliigawa katika madaraja 3 kwa kutazama magego ya kwanza yanavyokutana. Chanzo huwa urithi, kunyonya kidole kwa muda mrefu au kung'oka mapema kwa meno ya utotoni. Tiba ya kawaida ni nyaya: hulisukuma jino taratibu, mfupa ukiyeyuka upande mmoja na kujengeka upande wa pili, kazi isiyofaa kuharakishwa. Zikitolewa, mgonjwa huvaa kifaa cha kuyashikilia meno, la sivyo huanza kurudi yalikokuwa. Kasoro kubwa za taya huhitaji upasuaji.