Tiba ya Kukikaribia Kinachoogopwa

Kumtibu mwenye hofu kwa kumsogeza karibu na kile anachokiogopa ni njia iliyoingia katika sayansi karne ya 20, lakini wazo lenyewe ni la kale. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasimulia katika Ihya Ulum al-Din habari za mtu aliyejiona kuwa mwoga, akatamani ushujaa. Mtu huyo alijizoeza kusafiri baharini wakati wa majira ya baridi, bahari inapochafuka. Kwa Ghazali, tabia hujengwa kwa mazoezi: anayetaka sifa fulani huanza kutenda matendo ya wenye sifa hiyo, hata kama moyo wake bado unasitasita. Karne nyingi baadaye mwandishi Mjerumani Goethe, alipokuwa mwanafunzi Strasbourg kati ya 1770 na 1771, alisumbuliwa na kizunguzungu kila alipokuwa mahali pa juu. Akawa anapanda mnara wa kanisa kuu la mji huo mara kwa mara, mpaka hali hiyo ikamwisha.

Hao walijitibu kwa kujitosa. Njia ya kupanda hatua kwa hatua ilitokana na maabara, na mwanzo wake haukuwa mzuri. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner, huko Baltimore, Marekani, walimfundisha mtoto mchanga kumwogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa nguvu nyuma yake kila alipomgusa. Hofu ikaingia, na mtoto akaondoka nayo bila kutibiwa. Lilikuwa tendo la ukatili, lakini liliacha swali muhimu: ikiwa hofu inafundishika, je, haiwezi kufundishwa kutoka?

Mary Cover Jones alilishughulikia swali hilo kwa upole mkubwa. Mwaka 1924 alichapisha taarifa ya mtoto aliyemwita Peter, ambaye kazi ilipoanza alikuwa na umri wa miaka 2 na miezi 10. Peter aliogopa sungura, panya mweupe, manyoya, hata pamba. Kwanza Jones alimchanganya na watoto wasiomwogopa sungura, na Peter akaanza kusogea kidogo kidogo. Kisha akaugua homa, akalazwa hospitali karibu miezi miwili. Siku ya kutoka, mbwa mkubwa aliwarukia yeye na muuguzi wake walipokuwa wakiingia kwenye teksi, na hofu yote ikarudi. Jones akaanza upya. Peter alikalishwa kwenye kiti kirefu cha watoto, akapewa chakula anachokipenda, huku sungura akiletwa ndani ya kizimba cha waya na kuwekwa mbali kiasi cha kutomkatiza mtoto kula. Umbali ulipunguzwa taratibu, na mwishowe Peter alimpapasa sungura na kumwacha amtafune vidole. Taarifa hiyo haikuvuma wakati wake, ingawa ndani yake ilikuwemo karibu tiba yote iliyokuja kusifiwa baadaye.

Aliyeifikisha tiba hiyo kwa madaktari ni Joseph Wolpe wa Johannesburg. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa daktari wa jeshi la Afrika Kusini, akiwatibu askari waliovurugwa na vita kwa dawa za kuwafanya wazungumze yaliyowasibu. Matokeo hayakumridhisha. Baada ya vita, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alichunguza paka waliopigwa shoti ya umeme ndani ya kizimba mpaka wakakataa kula humo na hata katika vyumba vinavyofanana na chumba chenye kizimba hicho. Aliwalisha kwanza katika chumba kisichofanana nacho sana, akasogea chumba kwa chumba, hadi wakala ndani ya kizimba chenyewe. Kwa binadamu, badala ya chakula alitumia mbinu ya kulegeza misuli aliyoichukua kwa Edmund Jacobson. Mgonjwa aliorodhesha hofu zake kuanzia ndogo hadi kubwa, akalegeza mwili, kisha akaziwaza moja baada ya nyingine. Kitabu cha Wolpe cha mwaka 1958 kiliieneza njia hii duniani.

Hata hivyo Wolpe bado aliamini kwamba lazima hofu itulizwe kwanza, ndipo mtu asogee. Imani hiyo ilikuwa imekwisha kupingwa huko Japani. Tangu mwaka 1919 hivi, Shoma Morita wa Tokyo aliwapumzisha wagonjwa wake kitandani kwa takriban wiki moja, kisha akawaingiza katika kazi nyepesi, baadaye nzito, bila kungoja wasiwasi uishe. Daktari Claire Weekes wa Australia, aliyewahi kusumbuliwa na mapigo ya moyo ujanani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1962 kwamba kinachomlemea mgonjwa ni kuiogopa hofu yenyewe. Akamtaka aikabili, aikubali, apite nayo na aupe muda nafasi. Katika miaka ya 1970 Isaac Marks, mzaliwa wa Cape Town aliyefanya kazi katika Hospitali ya Maudsley, London, alionyesha kwamba kulegeza misuli si sharti. Kinachohitajika ni mgonjwa kubaki mbele ya anachokiogopa badala ya kukimbia. Hapo ndipo tiba hii ilipopevuka: hofu iliacha kuwa kikwazo cha kuondolewa kabla ya safari, ikawa mzigo unaobebwa njiani.

Kuna mpaka usiopaswa kusahauliwa. Methali isemayo kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio inahusu hatari za kweli, na hofu ya hatari za kweli haina haja ya tiba. Njia hii inafaa pale hofu inapoizidi hatari na kumnyima mtu masomo, kazi au safari. Lars-Göran Öst wa Sweden alionyesha mwaka 1989 kuwa hofu ya kitu kimoja mahususi, kama buibui, inaweza kutibiwa kwa kikao kimoja kisichozidi saa 3. Lakini uchunguzi wa karibuni, ukiwemo wa Michelle Craske wa Marekani, unaonyesha kwamba mafunzo ya zamani ya hofu hayafutiki. Mafunzo mapya hukaa kando yake, na ya zamani yanaweza kuibuka mahali pageni. Kwa sababu hiyo wataalamu sasa hubadilisha mazingira makusudi: anayeogopa mbwa hufanya mazoezi na mbwa zaidi ya mmoja, katika sehemu zaidi ya moja, na huendelea na mazoezi hayo hata baada ya kuona amepona.